Unaishi na Nani? Serikali, Kodi na Watu Wawili Chini ya Paa Moja

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 13 Januari 1963, maofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya ya Alameda, California, walitumwa wawili wawili kubisha hodi kwenye nyumba za watu. Mmoja alisimama mlango wa mbele, mwenzake akazunguka uani ili asije mtu akachomoka kwa nyuma. Wakifunguliwa, walipaswa kupita chumba hadi chumba na kutazama vitandani, makabatini na bafuni. Hawakuwa wakitafuta bangi wala mali ya wizi. Walikuwa wakitafuta mwanamume. Wenye nyumba walikuwa akina mama waliopokea fedha za serikali za kulelea watoto, na fedha zile zilitolewa kwa sababu faili lilisema baba hayupo. Akikutwa mwanamume, faili lina walakini.

Ofisa mmoja, Benny Parrish, alikataa kwenda. Aliona operesheni ile inavunja katiba, akafukuzwa kazi kwa ukaidi. Kesi yake ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya California, na mwaka 1967 mahakama ikampa ushindi: umaskini wa mtu haumwondolei haki ya kufunga mlango wake.

Mhadhara huu unahusu swali lililowatoa maofisa wale vitandani mwao asubuhi ile: unaishi na nani? Serikali za kisasa huliuliza kwenye madirisha mawili, la kodi na la misaada, na jibu lilelile huweza kumfaidisha mtu kwenye dirisha moja na kumgharimu kwenye la pili. Wengi hudhani jambo hili ni la maadili, kwamba serikali hupendelea ndoa au huidharau. Ukifuatilia sheria zenyewe, unakuta kitu kingine. Serikali huwaona wawili kuwa mmoja pale kuwaona hivyo kunapopunguza malipo. Pale kuwaona kunapoongeza malipo, macho yake hudai cheti kwanza.

Uingereza ndipo pa kulitazama jambo hili vizuri. Sheria zake zimeandikwa wazi, viwango vyake hutangazwa kila mwaka, na fomu zake hujazwa leo na watu wa Mombasa, wa Unguja na wa Barawa. Kabla ya kuvuka kwenda huko, bado kuna neno la Marekani.

Katika jimbo la Alabama, mjane aliyetajwa mahakamani kwa jina la Bi Sylvester Smith alikuwa na watoto wanne na kazi ya mkahawani iliyoanza saa tisa na nusu usiku hadi adhuhuri, kwa ujira wa dola 16 hadi 20 kwa wiki. Kulikuwa na bwana aliyemtembelea siku za mwisho wa juma, naye alikuwa na mke na watoto tisa wa kwake. Kanuni ya Alabama ilisema kwamba mwanamume yeyote mwenye uhusiano wa namna ile na mama ni “baba mbadala” wa watoto, awe anawalisha au hawalishi. Oktoba 1966 msaada wa watoto ukakatwa. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta kanuni hiyo kwa kauli moja ya majaji wote, kwa hoja nyepesi kueleweka: huwezi kumwita mtu baba kwa ajili ya kuwanyima watoto chakula ilhali sheria hiyohiyo haimlazimishi kutoa hata senti.

Hata hivyo, tuitendee haki serikali. Swali lake lina msingi. Watu wawili wakikaa pamoja hulipa pango moja, umeme mmoja, na jiko moja huwapikia wote. Wachumi wanaopima umaskini hulijua hilo siku nyingi. Kipimo kinachotumika sana Ulaya humhesabu mtu mzima wa kwanza wa kaya kuwa moja, na wa pili kuwa nusu. Yaani wawili huhitaji fedha za mtu mmoja na nusu, si za wawili kamili.

Viwango vya Uingereza havikai mbali na hapo. Mpango mkuu wa misaada kwa watu wa umri wa kufanya kazi, uitwao Universal Credit, katika mwaka wa fedha 2025/26 ulimpa mtu asiye na mwenza, mwenye miaka 25 au zaidi, kiwango cha msingi cha pauni 400.14 kwa mwezi. Wawili wanaoishi kinyumba walipata pauni 628.10 kwa pamoja. Wangekaa mbalimbali wangepata 800.28. Kukaa pamoja kuliwagharimu pauni 172 na senti kadhaa kila mwezi. Kwa wazee mpango ni mwingine lakini mwelekeo ni uleule: mzee mmoja alihakikishiwa angalau pauni 227.10 kwa wiki, na wawili 346.60.

Hadi hapo hesabu inakubalika. Tatizo huanza pale wanapotokea watu wengine kwenye hoja: dada wawili wanaopanga nyumba pamoja. Nao hulipa pango moja na umeme mmoja, na chungu chao ni kimoja. Lakini kila mmoja wao hulipwa kama mtu wa peke yake, jumla pauni 800.28. Kama kinachopunguza malipo kingekuwa ni unafuu wa kukaa pamoja tu, dada hawa nao wangepunguziwa. Hawapunguziwi, kwa kuwa kinachotazamwa ni aina ya uhusiano.

Na dada haohao, wakivuka kwenda dirisha la kodi, hukuta mambo yamegeuka. Joyce na Sybil Burden, waliozaliwa mwaka 1918 na 1925, waliishi pamoja maisha yao yote huko Wiltshire, katika nyumba iliyojengwa kwenye ardhi ya wazazi wao. Tangu mwaka 1976 walikuwa wakimwandikia waziri wa fedha kila mwaka. Hofu yao ilikuwa moja: mmoja akifa, aliyebaki angetozwa kodi ya mirathi ya asilimia 40 juu ya kiwango kisichotozwa, na huenda akalazimika kuiuza nyumba ili ailipe. Mke na mume hawatozwi kodi hiyo wanaporithiana. Kesi yao ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg, na Aprili 2008 majaji 15 kwa 2 wakawakatalia: uhusiano wa ndugu, hata uwe wa muda gani, si sawa na ndoa. Vikongwe wale walikuwa na umri wa miaka 90 na 82 hivi. Wangekuwa mke na mume wa wiki moja tu wangesamehewa.

Kwa upande wa kodi ya mapato, kuna mtego wa hesabu ambao hakuna waziri wa fedha aliyewahi kuukwepa. Tuchukue nchi ya kubuni, ambamo mtu halipi kodi kwa laki moja ya kwanza ya mapato yake, na kila kinachozidi hukatwa asilimia 20. Juma hupata laki mbili, na mkewe Asha hana kipato. Jirani zao, Salim na Rehema, hupata laki moja kila mmoja. Nyumba zote mbili zina laki mbili. Ukimtoza kila mtu peke yake, Juma hulipa elfu 20, na akina Salim hawalipi kitu. Juma atalalamika, na ana haki. Basi unganisha mapato ya mke na mume, na kiwango kisichotozwa ukifanye laki mbili kwa kila ndoa: sasa nyumba zote mbili hazilipi. Lakini kapera wa mtaa wa pili mwenye laki mbili zilezile bado analipa elfu 20, naye atauliza kosa lake ni lipi. Haya, unganisha mapato, ila kiwango kisichotozwa kibaki laki moja: nyumba zote mbili zitalipa elfu 20. Hapo Salim na Rehema, ambao kabla ya harusi walikuwa hawalipi hata shilingi, wamepigwa faini kwa kuoana.

Mradi kodi hupanda kadiri kipato kinavyopanda, njia ya nne haipo. Kila nchi imechagua nani alalamike. Ujerumani tangu mwaka 1958 hujumlisha mapato ya wanandoa, huyagawa mawili, hukokotoa kodi ya nusu, kisha huizidisha mara mbili. Mwenye mke asiye na kazi hufaidi sana, na mke anayefikiria kurudi kazini hukuta mshahara wake wa kwanza unakatwa kwa kiwango kilichopandishwa na mshahara wa mumewe. Sweden ilichagua kinyume mwaka 1971, kila mtu na kodi yake. Marekani iliwapa wanandoa mgawo wa namna ya Kijerumani mwaka 1948, makapera wakapiga kelele miaka ishirini, na mwaka 1969 ngazi za kodi zikarekebishwa ili kuwapoza, jambo lililowafanya baadhi ya wanandoa wenye mishahara miwili wajikute wanalipa zaidi kuliko wangebaki wachumba.

Uingereza yenyewe ilichukua muda mrefu kuamua. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 kanuni ilikuwa kwamba kipato cha mwanamke aliyeolewa anayeishi na mumewe ni kipato cha mumewe. Sheria ya kodi ya mwaka 1970 bado ilisema hivyo bila kumung’unya maneno. Maana yake kwa maisha ya nyumbani ilikuwa hii: fomu ya kodi alijaza mume, na ili aijaze ilibidi ajue mkewe amepata nini, hadi faida ya akiba yake ya benki. Mke hakuwa na haki ya kujua ya mumewe. Nigel Lawson, waziri wa fedha wa Margaret Thatcher, alitangaza mwaka 1988 kwamba kanuni hiyo itakoma, na ikakoma tarehe 6 Aprili 1990. Mwanamke wa Kiingereza amekuwa na siri za kodi kwa miaka thelathini na kitu tu.

Kanuni hiyo haikubaki London. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya ya mwaka 1973 iliandikwa kwa mkono uleule. Kifungu chake cha 45 kilitamka kwamba kipato cha mwanamke anayeishi na mumewe kihesabiwe kuwa cha mume, kisha kikaorodhesha mapato yanayoachwa nje. Nchi ilikuwa huru kwa miaka kumi wakati huo.

Kwa hiyo leo, katika kodi ya mapato, Mwingereza ni mtu binafsi. Karibu kila mmoja ana pauni 12,570 zisizotozwa kodi, awe ameoa, ameolewa, ameachwa au hajawahi kuthubutu. Lakini katika misaada ni nusu ya jozi. Dirisha moja humwona peke yake, lingine humwona pamoja na mwenzake, na watu huishi katikati ya madirisha hayo mawili.

Chukua mama mwenye watoto wawili ambaye hana kazi, anapokea Universal Credit pamoja na fedha za pango. Amepata mchumba mwenye mshahara wa pauni 2,000 kwa mwezi baada ya makato. Wakae pamoja au kila mtu kwake? Hesabu ya 2025/26 inakwenda hivi. Wakihamia pamoja, kiwango cha msingi kinapanda kutoka 400.14 hadi 628.10, nyongeza ya karibu pauni 228. Kisha mshahara wa bwana unaingizwa kwenye hesabu: pauni 411 za kwanza huachwa, na katika kila pauni inayobaki, msaada hupunguzwa senti 55. Hiyo ni pauni 874 hivi. Toa nyongeza, unabaki upungufu wa pauni 646 kwa mwezi. Juu yake, punguzo la asilimia 25 la kodi ya manispaa, ambalo mama yule alilipata kwa kuwa mtu mzima pekee nyumbani, limekwenda. Ni kweli bwana ameacha kulipa pango la kwake, na pengine pango hilo lilikuwa zaidi ya 646. Lakini tazama fedha zilikohamia. Zamani ziliingia mkononi mwa mama. Sasa sehemu kubwa ya riziki yake ipo kwenye mshahara wa mtu asiyewajibika kisheria kuwalisha watoto wale, kwa kuwa si wake. Na kile kidogo kinachobaki cha Universal Credit kwa kawaida hulipwa katika akaunti moja kwa kaya nzima. Kuomba kigawanywe inawezekana, lakini utaratibu huo umewekwa kwa hali za pekee, kama vile pale mmoja anapomtesa mwenzake.

Msikilizaji ataona kwamba swali la Alabama limerudi kwa lugha ya upole. Hakuna tena anayezunguka uani alfajiri. Ofisa hutazama mambo kadhaa: mnakaa nyumba moja? Bili nani hulipa? Mmekuwa pamoja muda gani? Mna mtoto? Majirani wanawajuaje? Akifikia uamuzi kwamba wawili hawa wanaishi kama mke na mume, basi ni mke na mume kwa ajili ya makato, kuwe na cheti kusiwe na cheti. Asiyeripoti hudaiwa arudishe fedha, na wengine hushitakiwa.

Wenye kipato cha juu nao wana kioja chao. Posho ya watoto, inayolipwa kwa kila familia yenye mtoto, katika 2025/26 ilikuwa pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na 17.25 kwa kila anayemfuata. Kwa watoto wawili ni zaidi ya pauni 2,250 kwa mwaka. Tangu Januari 2013 hurudishwa serikalini kwa njia ya kodi pale mzazi mmoja anapovuka kiwango fulani, na tangu Aprili 2024 kiwango hicho huanza pauni 60,000 na posho yote huisha kwenye 80,000. Kinachopimwa ni kipato cha anayepata zaidi, si cha nyumba. Mke na mume wenye pauni 59,000 kila mmoja, jumla 118,000, hubaki na posho yote. Mama anayelea peke yake kwa pauni 80,000 hapati kitu. Serikali iliyopita iliahidi mwezi Machi 2024 kuhamia kwenye kipato cha kaya ifikapo Aprili 2026. Serikali iliyofuata ikaifuta ahadi hiyo mwezi Oktoba mwaka huohuo. Kuhesabu kaya kwa maskini kumewezekana tangu zamani. Kwa wenye mishahara minono, kumbe, ni kazi ngumu.

Na kifo kikija? Siobhan McLaughlin wa Ireland ya Kaskazini aliishi na John Adams miaka 23, wakazaa watoto wanne. Hawakufunga ndoa kwa sababu bwana yule alikuwa amemwahidi marehemu mke wake wa kwanza kwamba hataoa tena. Januari 2014 Adams akafariki. Michango yake ya Bima ya Taifa ilikuwa imekamilika, na mafao ya mzazi aliyefiwa yalikuwepo kwa ajili ya hali kama ile. McLaughlin akanyimwa: hukuolewa. Laiti wawili wale wangekuwa wakiomba msaada wa kimaskini, wangehesabiwa kuwa mke na mume bila maswali ya cheti. Tarehe 30 Agosti 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwa majaji wanne dhidi ya mmoja, ilisema sheria ile haiendani na haki za binadamu, kwa hoja kwamba mafao yale ni kwa faida ya watoto, na watoto hawakuchagua wazazi wao waoane au wasioane. Serikali ilichukua hadi Februari 2023 kuirekebisha sheria.

Mtanzania angeshangaa kesi kama hiyo kufika mbali hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi hata wakajulikana kwa watu kuwa ni mke na mume, itachukuliwa kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ina kasoro zake, na mahakama zimebishana juu yake kwa miaka mingi. Angalau imeandikwa kwa kumfikiria anayebaki nyumba inapovunjika.

Afrika Mashariki si ngeni katika mchezo huu wa kuhesabu wake. Wakoloni walianza nao. Kodi ya nyumba iliyowekwa na Wajerumani Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19, kisha na Waingereza Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, ilihesabu vibanda. Mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara tatu. Watu wakajibana wengi kwenye kibanda kimoja. Kijana asiye na mke wala kibanda alipita bila kulipa, hadi mwaka 1910 Kenya ilipoweka kodi ya kichwa ili naye anaswe.

Wabelgiji walikwenda mbali zaidi. Katika miji ya Kongo, na baadaye Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, waliwatoza kodi wanawake wanaoishi bila mume. Katikati ya miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji ule, waligoma. Miongoni mwa waliotozwa walikuwa wajane na watalaka, wanawake wa heshima zao, waliojiona wanawekwa kundi moja na malaya kwa sababu tu hawakuwa na mume wa kuwaandikia jina. Wengine walikuwa na mume hasa, ila ni wake wa pili: utawala ulikuwa ukipiga vita mitala, kwa hiyo kwenye daftari lake hawakuwa wake wa mtu. Serikali haikuwatambua kuwa wameolewa, kisha ikawatoza kwa kosa la kutoolewa. Hapa historia ya kodi ya Afrika imefikia kilele chake cha ubunifu.

Ajabu ni kwamba Uingereza ya leo ina kanuni ya jamii hiyohiyo, ila inamwaga upande mwingine. Ndoa ya mitala iliyofungwa nchi inayoiruhusu hutambuliwa kwa baadhi ya mambo. Lakini kanuni za Universal Credit za mwaka 2013 zinasema kwamba ikiwa ndoa ya kwanza bado ipo na mke wa kwanza anakaa nyumba ileile, ndoa ya baadaye isihesabiwe. Mume na mke mkubwa huomba kama jozi. Mke mdogo huomba kama mtu asiye na mume. Kwa viwango vya 2025/26 hiyo ni 628.10 na 400.14. Mfumo wa zamani ulimpa mke wa ziada kiasi kidogo kuliko anachopata mtu wa peke yake. Kwa hiyo sheria iliyoandikwa ili isiitambue mitala imeishia kuilipa vizuri zaidi. Nyumba za namna hiyo ni chache mno, kwa kuwa sheria ya uhamiaji haimruhusu mke wa pili kuingia kwa tiketi ya ndoa, lakini mfano wake unafundisha kuliko idadi yake.

Mifumo ya kwetu ya leo bado ni michanga, na ni vizuri kutazama mapema inaelekea wapi. Kodi ya mishahara imefuata mkondo wa mtu binafsi: Tanzania Bara kila mfanyakazi ana shilingi 270,000 za kwanza za mwezi zisizokatwa, Kenya kila mlipakodi ana nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, na hakuna anayeuliza amelala na nani. Misaada kwa maskini imefuata kaya: mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF nchini Tanzania huandikisha kaya, na mara nyingi mama ndiye anayepokea. Pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, humlipa kila mtu aliyefikisha miaka 70. Babu anapokea yake, bibi anapokea yake. Hakuna kiwango cha wawili kilicho pungufu ya mara mbili ya kiwango cha mmoja, na hakuna ofisa wa kuchunguza kama mjane wa Makunduchi ameanza kutembelewa. Ina gharama yake, maana hata mzee mwenye majumba hupata. Lakini ni rahisi kuendesha, na mwanamke mzee ana fedha zenye jina lake mwenyewe. Wanaopendekeza kila bajeti kwamba mifumo kama hii ibanwe kwa kupima kipato cha kaya wangepaswa kwanza kusoma kesi ya Parrish.

Limebaki neno kwa Waswahili wanaoishi Uingereza, nalo ni la vitendo. Nikaha iliyofungwa mbele ya kadhi Mombasa au Unguja na kuandikishwa kwa sheria ya huko ni ndoa hata London. Nikaha iliyofungwa sebuleni au msikitini Uingereza, bila kuandikishwa kwa sheria ya huko, si ndoa mbele ya sheria ya nchi hiyo. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hivyo kwa wawili walionikahiana mkahawani Southall mwaka 1998 mbele ya wageni tele, wakaishi kama mke na mume na kuzaa watoto wanne. Mke wa nikaha ya namna hiyo huhesabiwa kuwa na mume siku anapoomba Universal Credit. Hahesabiwi kuwa na mume siku ya nafuu ya kodi ya wanandoa, inayofikia pauni 252 kwa mwaka, wala siku ya kodi ya mirathi. Na mumewe akifariki bila wao kuwa na watoto, mafao ya mfiwa ya pauni 2,500 za mara moja na pauni 100 kila mwezi kwa miezi 18 hayamhusu. Aliyefunga nikaha ya namna hiyo na aende ofisi ya msajili ya manispaa yake, yeye na mwenzake, wakaandikishe ndoa ya serikali. Ni kutoa taarifa angalau siku 29 kabla, na mashahidi wawili.